Mwaka Jana Marienbad, kwa Jicho la Fundi Cherehani

Mara ya saba niliitazama filamu hii nikiwa na kitabu changu cha vipimo mapajani, nikiandika kila gauni linapobadilika. Mara sita za mwanzo nilikuwa nikiifuata kwa maneno, na maneno yalinipoteza. Magauni ndiyo yaliyonishika mkono.

Ni L'Année dernière à Marienbad, ya mwongozaji Mfaransa Alain Resnais, iliyotoka mwaka 1961 na kutwaa Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, mwaka huohuo. Ina dakika 94, na picha yake ni nyeusi na nyeupe. Diski ninayoieleza hapa ni Blu-ray ya kampuni ya Criterion ya mwaka 2009. Mdogo wangu aliniletea kutoka Montreal pamoja na mashine ya kuichezea, maana imetengenezwa kwa mashine za Amerika Kaskazini. Anayeisaka ajue hilo kabla hajatoa pesa. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza. Mimi Kifaransa sikijui, lakini sauti ya yule mwanamume nimeizoea hadi nahisi sentensi inapokaribia kuisha.

Hadithi yenyewe ni fupi. Katika hoteli kubwa ya matajiri, mwanamume anamwendea mwanamke na kumwambia: tulikutana mwaka jana, tulipendana, uliniomba nikusubiri mwaka mmoja, na sasa nimekuja kukuchukua. Mwanamke anasema hamjui. Pembeni yupo mwanamume wa pili, mrefu, uso mkavu, ambaye huenda ni mumewe. Hakuna anayeitwa kwa jina. Kwenye mswada wa mwandishi wa riwaya Alain Robbe-Grillet wanaitwa X, A na M, basi. Kuanzia hapo hadi mwisho, X anasema na A anakataa, X anasema tena, na kila akisema A anakataa kwa sauti iliyopungua kidogo.

Wengi wanaoiacha katikati huiacha kwa sababu wanangoja waambiwe: je, walikutana au hawakukutana? Hata waliotengeneza filamu hawakukubaliana juu ya jibu. Mimi nimeacha kungoja, na sababu yake haikutoka kwenye filamu. Ilitoka kibandani kwangu.

Mwaka wa juzi aliingia mama mmoja wa makamo, amekunja mkononi shifoni ya kijani. "Fundi, nataka lile gauni ulilonishonea la arusi ya binti yangu." Nikamtazama vizuri. Sikumjua. Nikafungua kitabu cha vipimo, nikalitafuta jina lake mbele na nyuma, halikuwemo. Nikamwambia kwa adabu, "Mama, labda ni fundi mwingine." Akacheka. "Ni wewe. Ulikuwa umekaa hapo hapo. Umeme ulipotea, ukamalizia kwa mkono pale mlangoni penye mwanga. Ukanichoma pini hapa," akagusa bega la kushoto, "ukaniomba radhi mara tatu." Akaondoka, akaacha kitambaa.

Kesho kutwa akarudi. Mikono ilikuwa mipana, akasema. Shingo haikuwa na kola. Vifungo vilikuwa mgongoni. Nikamwambia tena simkumbuki, lakini usiku ule nilipokuwa nikifagia vipande, niliona. Niliona mkono wangu ukipitisha sindano karibu na mlango. Niliona mwanga wa magharibi ukiteleza juu ya shifoni. Alipokuja mara ya tatu akasema, "Na vile vifungo vitano..." Nikamkatiza kabla sijajua kwamba ninamkatiza: "Sita, mama. Vilikuwa sita."

Nikaenda Biashara Street, nikanunua kadi ya vifungo vinane vya plastiki, vya kijani, nikatumia sita. Alipolivaa alijigeuza mbele ya kioo akasema, "Ndilo." Akalipa.

Basi nilipoirudia filamu baada ya hapo, nilimwelewa Delphine Seyrig, mwigizaji wa A, pale anapoegemea ukuta na kusema hapana, si mimi, umekosea. Nilijua mtu anavyokataa kwa mdomo huku ndani ya kichwa taa zinaanza kuwashwa chumba kimoja kimoja. X hamletei ushahidi mkubwa. Anamletea kisigino cha kiatu kilichovunjika njiani bustanini. Anamletea namna alivyoweka mkono kwenye ukingo wa jiwe. Hajali hata mahali: labda ilikuwa Frederiksbad, anasema, au Karlstadt, au Marienbad, au Baden-Salsa, au hata humu humu ukumbini. Mji unaweza kubadilika, kisigino hakibadiliki. Yule mama wa shifoni naye hakuniambia ni mwaka gani wala arusi ilifanyikia wapi. Aliniambia pini.

Sasa magauni. Nyingi za nguo za Seyrig zilitoka kwa Coco Chanel, mbunifu wa mavazi wa Paris, na fundi yeyote atayajua mara moja kuwa ni kazi ya mtu asiyeruhusu mshono ujitokeze. Kuna gauni jeusi jepesi, na kitambaa chake ukikiona tu kikianguka kutoka begani unajua kimekatwa kwa kukingama ili kimfuate mwili. Kuna joho jeusi la manyoya ya ndege. Na kuna vazi jeupe la chumbani, nalo la manyoya, ambalo nimelisimamisha kwenye skrini mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. Nimewahi kushona manyoya mara moja tu, pindo la gauni la bi arusi, na najua taabu yake: ukiyabana sana yanalala, ukiyaachia yanadondoka. Haya ya Seyrig yametulizwa kiasi kwamba yanatikisika kabla hajasogea. Anavuta pumzi, manyoya yanajibu, kisha ndipo mkono unapanda. Mwanamke amesimama kama sanamu na nguo yake inamsema.

Nilianza kuandika nikitarajia kupata mpangilio. Nilidhani jeusi lingekuwa sasa na jeupe lingekuwa mwaka jana. Kwa muda unaweza kuamini hivyo. Kisha mazungumzo yanaanza mahali pamoja akiwa na gauni hili, picha inakatika, yuko mahali pengine na gauni jingine, na sentensi inaendelea bila kumeza mate. Hakuna aliyeshangaa. Kitabu changu kikajaa mishale na nikaviringa vitu viwili vitatu kwa kalamu nyekundu, na mwisho wake nikaona kwamba hivi ndivyo nilivyolikumbuka gauni la kijani: mikono ya gauni moja, mwanga wa siku nyingine, na bega la mteja ambaye labda hakuwa yeye.

Mahali pa kutazama kwa makini ni kwenye baa. A na X wamesimama kaunta, watu wanacheka nyuma yao, ukumbi una giza na yeye kavaa giza. X anaanza kusimulia chumba cha kulala. Ghafla, kwa kufumba na kufumbua, skrini yote inakuwa nyeupe: chumba, vazi jeupe, yeye ndani yake. Halafu baa tena. Halafu weupe tena, safari hii umekaa kidogo zaidi. Halafu baa. Kila weupe unaporudi unakaa zaidi, kama mtu anayesukuma mlango ulioshikiliwa na kitu kwa ndani. A anarudi nyuma, anamgonga mwanamke aliye nyuma yake, glasi inaanguka inavunjika. Watu wananyamaza. Mhudumu anachuchumaa kuokota vipande, kimoja kimoja. Wahariri wa filamu, Henri Colpi na Jasmine Chasney, wamefanya kwa mkasi jambo ambalo sijaona kitabu kikilifanya kwa maneno: wameonyesha dakika ambayo kumbukumbu ya mtu mwingine inaingia mwilini mwako.

Picha inayojulikana zaidi ni ya bustani. Watu wachache wamesimama kwenye njia pana, mbali mbali, na kila mmoja ana kivuli kirefu chini yake. Miti iliyokatwa kama pia, pande zote mbili, haina kivuli hata kidogo. Vivuli vya watu vilichorwa chini kwa rangi. Nilipolijua hilo sikupungukiwa na chochote. Nilizidi kuwaheshimu, maana mtu alipiga magoti pale akachora giza la mtu mmoja mmoja. Na bustani yenyewe haiko Marienbad. Mji huo uko Ucheki, nao wapiga picha walikuwa Bavaria, kwenye majumba ya kifalme ya Nymphenburg na Schleissheim huko Munich na jirani yake, pamoja na studio Paris. Korido moja unayoifuata kwa kamera ya Sacha Vierny inaweza kuanzia kwenye jumba hili na kuishia kwenye jingine.

Hapa niseme jambo la ubora wa picha. Nakala ya kwanza niliyoiona, miaka mingi iliyopita, niliinunua barabarani. Ilikatwa pande zote mbili ili ienee kwenye televisheni za zamani. Filamu hii ilipigwa kwa Dyaliscope, ambayo upana wake unazidi mara mbili ya kimo chake, na Resnais anawapanga watu pembeni kabisa mwa picha, huyu ukingo huu na yule ukingo ule. Kwenye nakala ile nilikuwa nikiona sauti zikijibizana na ukuta mtupu katikati. Niliizima nikiwa na hasira, nikakaa miaka bila kuigusa. Diski hii ina picha nzima, na weusi wake una tabaka: joho jeusi mbele ya mlango mweusi, na bado unaona manyoya. Resnais mwenyewe aliikagua na kuikubali.

Sauti nayo ina habari yake. Kuna njia mbili za kuchagua: sauti iliyosafishwa na ile ya asili isiyoguswa. Resnais, aliyekuwa hai bado wakati huo (alifariki mwaka 2014), ndiye aliyetaka ya asili nayo iwemo. Nimezilinganisha. Ile safi inakufikishia sauti ya X, mwigizaji Mwitaliano Giorgio Albertazzi, karibu kabisa na sikio, na unasikia lafudhi yake ya kigeni ndani ya Kifaransa. Ile ya asili ina mvumo mdogo wa chini, kama cherehani iliyoachwa ikiwa imewashwa chumba cha pili. Mimi nachukua ya asili. Mvumo ule unaunganisha korido zote ziwe nyumba moja.

Muziki utawashinda baadhi ya watu, na siwezi kuwalaumu. Ni kinanda cha kanisani karibu mwanzo hadi mwisho, kazi ya Francis Seyrig, ndugu yake Delphine. Hakiimbi wala hakitulii. Katikati ya filamu kuna dakika kumi hivi ambazo hunichosha kila mara, na kila mara nachukua chai.

Mchezo wa njiti umenifurahisha kuliko nilivyotarajia. M, mume au asiye mume, huwakaribisha wageni mezani na kupanga vitu safu nne: saba, tano, tatu, kimoja. Mara ni karata, mara njiti za kiberiti, mara dhumna. Kila mtu kwa zamu yake anaondoa vingi apendavyo, lakini kutoka safu moja tu, na anayebaki na cha mwisho ameshindwa. M anasema anaweza kushindwa, lakini hushinda kila mara. Waliosimama pembeni kila mmoja ana nadharia yake. Mimi na mwanafunzi wangu wa ushonaji tuliucheza kwa vifungo 16 juu ya meza ya kukatia jioni nzima, tukagundua siri: kwa mpango ule, anayeanza ndiye wa kushindwa, mradi wa pili anajua hesabu. Akiichukua safu nzima ya saba, wewe unaondoa vitatu kwenye ile ya tano, ibaki tatu, mbili, moja, na hapo hana pa kutokea. M hahitaji bahati. Anahitaji tu uanze wewe. Ukishalijua hilo, tazama tena nani huanza kuongea kila X na A wanapokutana.

Kuna sanamu bustanini, mwanamume na mwanamke na mbwa miguuni mwao. X na A wanabishana: mwanamume anamzuia mke asiangukie hatari, au mke ndiye aliyeona kitu mbali na anakionyesha? Kila tafsiri ni nzuri na inatosha. Ndipo M anakuja, mkavu vilevile, na kueleza kuwa ni Charles III na mkewe, na kwamba nguo za kale walizovaa ni desturi ya wachongaji tu. Ukweli umetajwa na haumsaidii mtu. Inanijia hapa kwamba miaka minane kabla ya hapo, mwaka 1953, Resnais pamoja na Chris Marker na Ghislain Cloquet walikuwa wametengeneza Les statues meurent aussi, filamu fupi waliyoagizwa na jarida la Présence Africaine, juu ya vinyago vya Afrika vilivyofungiwa kwenye kabati za vioo Ulaya. Serikali ya Ufaransa iliizuia kwa miaka kadhaa kwa sababu ilisema wazi ukoloni ulifanya nini. Haimo kwenye diski hii. Lakini aliyeiona hatashangaa kwamba Resnais aliweza kumpiga picha sanamu kama mtu aliyepokonywa kauli, na mtu kama sanamu.

Kuna jambo linaloniuma katika filamu, nami sitalipita. X ni mtu wa kusukuma. Anamfuata A kila mahali, hamwachi anyamaze, na sauti yake inaposema jambo na picha ikaonyesha jingine, anaikaripia picha. Mswada wa Robbe-Grillet ulikuwa na tukio la kumbaka A chumbani. Resnais alikataa kulipiga. Badala yake kamera inamkimbilia A aliyevaa vazi lile jeupe, naye anafungua mikono, na picha imeachwa iungue kwa mwanga. Inarudiwa, na tena, na tena, mikono ikifunguka. Wapo wanaoliona kuwa ni furaha. Mimi nikilitazama najua kuna kitu kimefunikwa kwa weupe ule, na namshukuru Resnais kwa kukataa. Seyrig, ambaye alizaliwa Beirut na kuja kuwa mpiganaji wa haki za wanawake Ufaransa, anamwigiza A bila kumwachia mtazamaji amwonee huruma ya bei rahisi. Hata anapoondoka na X usiku wa manane, baada ya saa kugonga, amekaa kwanza kwenye kiti, peke yake, akiipa nafasi ya mwisho ile saa isigonge.

Diski ina nyongeza: mahojiano ya sauti na Resnais, na filamu fupi zake mbili ambazo peke yake zingetosha kuhalalisha bei. Toute la mémoire du monde ya mwaka 1956 inaingia kwenye Maktaba ya Taifa ya Ufaransa mjini Paris na kukifuata kitabu kipya kikipigwa mhuri, kikiandikwa, kikipewa namba, kikisukumwa kwa toroli hadi rafuni. Kamera inateleza kwenye korido za rafu kama itakavyokuja kuteleza kwenye korido za hoteli miaka mitano baadaye. Itazame kabla ya filamu kubwa, si baada yake.

Ya pili, Le chant du styrène ya mwaka 1958, ni ya rangi, iliagizwa na kampuni ya Pechiney kuisifu plastiki, na maneno yake ni mashairi ya Raymond Queneau. Inaanza na bakuli, inarudi nyuma: kwenye kalibu iliyolikanda, kwenye chembe za rangi, kwenye mitungi na mabomba ya kiwanda, hadi mafuta na makaa ya mawe ardhini. Kitu kidogo cha jikoni kinaulizwa kilikotoka, nacho kinajibu hatua kwa hatua.

Nilipoimaliza niliwasha taa ya kibandani nikashusha kopo la vifungo, nitafute vile vya kijani vilivyobaki. Nilikuwa nimenunua kadi ya vinane na kutumia sita. Ndani ya kopo, chini kabisa, kulikuwa na kadi mbili za kijani. Kila moja ilikuwa imebaki na vifungo viwili.